Niludishie

Wapendwa, mwimbaji mmoja alitoka katika nyumba kama zetu hizi. Ulimi wetu mnaujua: r ikiingia, inatoka l. Katika albamu yake ya kwanza, wimbo uliopendwa kuliko zote alimwimbia mama yake aliyemwacha kijijini, na kiitikio chake kilikuwa hiki: "Mama, nitaludi."

Miaka ikapita, akawa na jina kubwa. Kampuni ikataka kuitoa albamu ile upya. Akakaa studio na fundi mitambo, wakaisikiliza. Sauti changa, imejaa moyo. Kiitikio kilipofika, akainama.

"Wakati ule walinicheka redioni," akasema. "Unaweza kuiondoa hiyo l?"

"Herufi moja tu, dada? Utatoka kama msoma taarifa ya habari."

Fundi akaiondoa. Kabla ya kutoa ruhusa, mwimbaji akaupeleka wimbo kwa mama yake, maana ulikuwa wake. Mama alikuwa anapeta mchele. Akautua ungo magotini, akasikiliza mpaka mwisho.

"Anaimba vizuli," akasema. "Mtoto wa nani?"

"Mama, si mimi huyo?"

"Wewe? Hapana. Wangu alisema nitaludi. Huyu mwingine simjui. Akifika, mkalibishe wewe. Mimi bado namngoja wangu."

Binti akacheka, kisha kicheko kikamkauka. Hapo hapo akampigia fundi simu.

"Ile l yangu bado unayo?"

"Ipo. Nikufanyie nini?"

"Niludishie."

Je, ni nani kati yetu hajawahi kumtafuta fundi wa kumsafisha? Tunapata kazi, jina tulilorithi kwa bibi tunalificha nyuma ya herufi moja na nukta. Wageni wakija, tunamwomba mama akae jikoni. Tunamwonea haya nani? Aliyetubeba mgongoni?

Kinywa tulipewa kabla ya kipaza sauti, na aliyetupa hakukosea. Albamu ile ilitoka na l yake, na siku ya uzinduzi ukumbi mzima, pamoja na wenye r zao safi, ukaitikia: nitaludi.

Basi sisi tusiwe watu wa sauti ya kuazima. Siku Mungu atakapotuita kwa majina yetu, yale aliyoyasikia tangu tukiwa wachanga, tusimame wima, tumjibu kama tulivyofundishwa nyumbani: "Baba, nimeludi."