Bi Raya na Dua za Mtaa wa Kisimani

Wamesimulia waliotutangulia, nasi tunasimulia kama tulivyopokea, na Mwenyezi Mungu ndiye Mjuzi wa yaliyofichika, kwamba katika mji mmoja wa kale wa pwani, mtaa wa Kisimani, alikuwako bibi mcha Mungu aliyeitwa Mwana Hidaya binti Shehe Mwidani. Alijaaliwa umri mrefu. Watoto aliowapokea siku ya kuzaliwa kwao walikua, wakazaa, na watoto wao akawapokea pia. Mama yake alipofariki alimwachia ndugu mchanga, jina lake Badi, akamlea mgongoni mpaka akawa mtu mzima. Baada ya Badi akalea mayatima wa majirani. Harusi za mtaa zilipikiwa uwani kwake, wanawake waliofariki walioshwa kwa mikono yake, na mke na mume walionuniana walipita barazani kwake wakatoka wanazungumza.

Lakini kisa hiki si chake peke yake. Ni cha wifi yake, Bi Raya binti Athumani, mke wa huyo Badi. Na Bi Raya, Mungu amrehemu, alikuwa na wivu. Sisemi wivu wa kununa asubuhi ukaisha jioni. Nasema ule unaolala na mtu na kuamka naye, na akikaa kula unamtilia mchanga katika tonge. Mume alikuwa naye, tena mpole. Watoto alikuwa nao, na minazi ya urithi, na nyumba yenye mlango wa nakshi. Alichokikosa ni kimoja tu: kupendwa na watu kama alivyopendwa wifi yake. Hicho kimoja kikamfanya asivione vyote vingine.

Mtaa ule ulikuwa na desturi yake. Chakula cha sadaka kilitoka kimefunikwa kawa la ukindu, ili mpita njia asijue anapelekewa nani wala kuna nini. Na sahani haikurudi tupu. Mwenye ndimu alitia ndimu, mwenye chumvi alitia chumvi. Asiyekuwa na kitu aliiosha sahani, akaweka viganja vyake juu yake, akaomba dua kimoyomoyo, ndipo akairudisha.

Nyumba ya Bi Raya ilitazamana na ya Mwana Hidaya. Kila siku karibu na adhuhuri alisimama dirishani akaona makawa yakitoka kwa wifi yake kwenda huku na huku, kisha akawaona wajane na vilema na wazee wameinamia zile sahani milangoni mwao, midomo inacheza, macho yamefumbwa.

"Wote hao wanamwombea yeye," alikuwa akijisemea. "Mimi nani ananiombea?"

Akaona naye atoe. Akapika pilau ya nyama, akaipakua katika masinia makubwa, akawatuma wasichana wake wayabebe wazi, bila kawa, wapite njia kuu ili kila mwenye macho aone. Watu wakala, wakashukuru, wakarudisha masinia na ndimu juu. Bi Raya akakaa dirishani kutazama nani atainamia sinia lake na kwa muda gani. Ilikuwa kazi bure, maana sinia likirudi na ndimu limekwisha kulipiwa. Yeye hakuliona hilo. Aliona amenyimwa. Tena kila alipokutana na wale watu njiani walimtazama kwa upole wa ajabu, kama mtu amtazamaye mwanawe, naye akadhani wanamwonea huruma. Ikamuuma zaidi.

Basi siku moja, katika shughuli ya harusi, wanawake wamekaa wanatiana hina, mmoja akamsifu Mwana Hidaya. Bi Raya akavumilia, akavumilia, mwisho akashindwa. Akamwinamia jirani yake.

"Mimi sisemi kitu," akasema, na watu wanaoanza hivyo mnawajua. "Lakini mtu hapendwi hivi bure. Ningekuwa mimi, ningetazama anatia nini katika chungu chake kabla ya kukifunika."

Neno likatoka. Kabla ya hina ya bibi harusi kukauka, mtaa ulikuwa unanong'ona kwamba Mwana Hidaya anatia uganga katika chakula cha watu. Sahani zikaanza kurudi zimejaa, kawa halijafunuliwa. Mama mmoja alimwaga wali wote kwa kuku mbele ya yatima aliyeuleta. Nyumba nyingine zililala na njaa, zikiogopa kula.

Mwana Hidaya wakati huo ameshaanza kutembelea bakora. Hakuuliza nani kasema. Hakwenda kwa kadhi. Aliagiza mafiga yatolewe uwani, yawekwe mbele ya nyumba, kando ya njia. Akawa anapika pale juani, moshi machoni, kila apitaye aone nazi inavyokamuliwa na chumvi inavyotiwa. "Anayekula kwa shaka hashibi," alisema, "nami nataka washibe." Akapika hivyo miezi mingi, mpaka ile shaka ikawatoka watu. Lakini kifua chake kilichukua maradhi ya moshi ambayo hayakumwacha tena.

Bi Raya aliyaona yote dirishani. Aliona haya, tusimdhulumu. Ila chini ya ile haya palikuwa na jambo jingine baya zaidi: alikasirika kwamba hata balaa hili limemzidishia wifi yake heshima.

Miaka ikapita. Badi akatangulia mbele ya haki. Mwana Hidaya akawa mkongwe sana, kile kifua kikamlaza, na ikajulikana kwamba hatainuka. Mji mzima ukaja kuombana naye radhi. Walikuja wavuvi, walikuja mashehe, walikuja hata wale waliouhama mtaa. Bi Raya hakuja. Alituma salamu, akasingizia goti.

Goti halikuwa na neno. Alikuwa akiogopa. Alijua, kama ajuavyo kila Muislamu, kwamba dhambi iliyo baina ya mja na Mola wake Mola huisamehe, lakini haki ya mja humngoja mja mwenyewe aisamehe. Mwana Hidaya akifa kabla hajamtaka radhi, lile neno la siku ya hina atalibeba mpaka Siku ya Hesabu. Na kumtaka radhi ni kukiri. Na kukiri ni kukipoteza hata kile kidogo cha heshima alichobakiwa nacho.

Asubuhi moja khofu ikamshinda. Akajitanda ukaya wake kichwani, akavuka njia. Mlangoni kwa wifi yake alikuwa ameketi Bi Zamda, mjane kipofu wa mtaa ule.

"Nani huyo?" Bi Zamda akauliza.

"Ni mimi, mama. Raya, mke wa marehemu Badi."

Kipofu akanyoosha mkono, akaishika nguo yake. "Raya binti Athumani? Njoo nikuguse, mwanangu. Umri wote huu nakutaja na sijapata kukugusa."

"Unanitaja kwa lipi?"

"Kwa dua. Ehe, ulimi umeniponyoka, alitukataza tusikwambie. Basi na liwe limekwisha kutoka. Sisi tusio na kitu, tulipomuuliza Mwana Hidaya tumwombee nini juu ya sahani yake, alituambia: msiniombee mimi, mwombeeni wifi yangu Raya, Mungu amzidishie kila alichonacho. Siku ulipokuwa huwezi kwa uzazi wa kitinda mimba wako, mtaa huu ulishinda na sahani mkononi. Mimi sikula mpaka niliposikia umejifungua salama."

Bi Raya akashika nguzo ya mlango. Vile viganja vyote alivyovihusudu kwa miaka, vilikuwa vimeinuliwa kwa ajili yake.

Akaingia. Chumba kimejaa wanawake. Mwana Hidaya amelala, amebaki mifupa na macho. Bi Raya akapiga magoti, akasema yale maneno ambayo watu wote husema: "Wifi, nisamehe ninalolijua na nisilolijua."

"Nimekusamehe, wifi yangu, duniani na akhera."

Basi, lilikuwa limekwisha. Radhi ameipata, na hakuna aliyejua kitu. Akasimama, wanawake wakampisha, akafika mlangoni. Hapo akasita. Aliona amepewa tena kitu bila ya kukitolea jasho, kama alivyokuwa akipewa siku zote. Akarudi, akaketi chini sakafuni mbele ya wote.

"Lile neno la uganga katika chakula," akasema, "lilitoka kinywani mwangu. Nilikuonea wivu. Moshi uliokuharibu kifua nimeuwasha mimi. Sasa ukitaka kuirudisha ile radhi yako, irudishe."

Yule mama aliyewamwagia kuku wali akajifunika uso. Mwana Hidaya akavuta pumzi kwa taabu.

"Najua, Raya. Uliyemwambia alikuja kwangu wiki ile ile."

"Ulijua? Na ukaendelea kuniombea?"

"Usinipambe kwa wema nisiokuwa nao. Badi nilimlea mimi. Siku ulipoingia nyumba hii umepambwa, alikutazama wewe akasahau kuniaga. Moyo wangu uliungua. Nilikuombea uanguke mbele za watu, Mungu anisamehe. Kisha nikaogopa nafsi yangu, nikamwendea baba. Akaniambia, mwombee unayemhusudu azidishiwe kile kile kinachokuuma. Nikajaribu. Ulimi ukasema, moyo ukakataa. Ndipo nikaanza kuwapelekea watu chakula, ili wakuombee badala yangu kwa vinywa ambavyo havikuwa na kinyongo juu yako. Vyungu vyote hivi wanavyonisifia vilianzia hapo." Akapumzika. "Nilikuja kukupenda, tena sana. Lakini radhi yako sijapata kuitaka, kwa kuona haya. Wewe umeweza mbele za watu wote hawa. Basi nami nisamehe, wifi yangu."

Na Bi Raya, aliyekwenda pale kuomba, akajikuta yeye ndiye anayeombwa. Akaushika ule mkono mkavu, akaubusu, akasema, "Nimekusamehe."

Mwana Hidaya alifariki kabla ya sala ya Ijumaa ya juma lile, na Bi Raya ndiye aliyemwosha.

Ndugu zangu, wivu usikutishe ukadhani kwamba wewe peke yako ndiye uliyepatwa nao. Umewapata hata wale tunaowataja kwa rehema. Tazama tu unaupeleka wapi. Mungu awarehemu mawifi wale wawili, na atujaalie nasi tuweze kumtaja kwa kheri, leo hii, yule ambaye jina lake likitajwa tunakunja uso.