Kwa Nini Mkunazi Hushika Nguo za Watu

Nyie mnaorudi kutoka porini na kanga zilizochanika, mkiutukana mkunazi kana kwamba ni mke mwenzenu, kaeni chini kwanza. Mti huo haukuzaliwa na miiba. Zamani, watu walipokuwa wachache na kila nyumba ikiijua nyingine kwa moshi wake, gome lake lilikuwa laini na kunazi moja ilijaa kiganja. Ulichuma moja tu, ukaenda zako.

Huku kwetu nyikani mti huo ulikuwa mmoja, nao ulisimama uani kwa mjane aitwaye Nyamvula. Aliurithi kwa mama yake, pamoja na kazi ya kuutunza. Mzee ambaye macho yake yameingia ukungu alichemshiwa kunazi akanywa maji yake. Mama aliyetoka kujifungua alisagiwa zile kavu zikatiwa kwenye uji, damu ikarudi. Mwenye homa alimenyewa mbichi, akalishwa polepole mpaka jasho limtoke. Nyamvula alijua ipi imeiva na ipi iachwe, na hakumnyima mtu.

Lakini palikuwa na mwiko. Mwenye mti hajichumii. Kunazi ya nyumba yake lazima ichumwe na jirani, tena kwa hiari ya jirani mwenyewe, kwa maana waliamini kwamba dawa iliyoombwa haiponyi. Nyamvula ndiye aliyewafundisha wengine mwiko huo, na alikuwa mkali juu yake. Hakuwahi kuuona ubaya wake. Mtoto wake wa pekee, Mbeyu, alikuwa na afya ya kupigiwa mfano, na mkuki kwa nguruwe mtamu.

Mvua za kupanda zilipoanza, Mbeyu akashikwa na homa. Nyamvula hakuogopa. Alimlaza kwenye mkeka barazani, akampikia uji mwepesi wa mtama, akaufunika bakulini kwa kawa nzi wasiuingie, akawangoja majirani. Kijiji kizima alikuwa amekitibu, angekosaje mtu wa kumchumia?

Nao walikuja, msiwasingizie. Kila mmoja alipita kabla ya kwenda shambani, akasema pole, akamshika mtoto kipaji cha uso. Kila mmoja aliliona lile bakuli. Na kwa watu wale, kufunua chakula cha mwenyeji ilikuwa aibu kubwa, hata ndani ya nyumba ya ndugu. Basi waliliangalia kwa pembe ya jicho, wakajua moyoni kwamba mwingine amekwisha kuwahi na kunazi imo humo. Wakaenda kupanda na roho zao zimetulia.

Mwatatu naye alikuja, shoga yake wa tangu utotoni, ambaye Nyamvula alimzalisha watoto wote. Nyamvula alimtazama usoni muda mrefu. Alizungumzia mvua, akazungumzia mbegu, akautaja hata mti wenyewe kwamba mwaka huo umezaa sana. Alikuwa akilizunguka lile neno kama kuku anayetafuta pa kutagia. Mwatatu aliitikia kwamba ni kweli, Mungu amejalia, akambusu Mbeyu akaondoka. Nyamvula aliingia ndani akalia, akamwekea shoga yake kinyongo ambacho hakuwahi kumwekea mtu.

"Mama," Mbeyu alimwambia jioni, "kunazi zimeiva. Nasikia harufu yake."

"Watakuletea, mwanangu. Wako njiani."

Alfajiri mtoto aliacha kuitikia jina lake. Hapo Nyamvula akauvunja mwiko. Alikimbia uani, akachuma kunazi kwa mkono wake, akarudi nayo ingali na umande. Mbeyu alikuwa ameshakata roho. Hakuna ajuaye kama tunda lile lingemponya au lisingemponya, na Nyamvula mwenyewe alikufa bila kulijua hilo.

Wanawake walipokuja kuosha maiti, Mwatatu alikuwa wa kwanza. Aliuliza, huku akilia, ni nani aliyemchumia mtoto, na dawa imekataaje safari hii.

"Funua bakuli," Nyamvula alisema.

Mwatatu akafunua, akauona uji wa mtama uliokauka. Alikaa chini palepale, na wenzake wakatazamana, kila mmoja akimwangalia aliyemdhani ndiye aliyechuma. Nyamvula hakuwagombeza. Alichuma majani ya mti, akayaponda mpaka yakatoa povu, akamwosha mwanawe kwa povu hilo. Alisema, "Mti huu una deni la kumgusa mtoto wangu hata mara moja."

Wapo wanaosema aliulaani mti. Si kweli. Baada ya mazishi aliirudisha ile kunazi chini ya shina, akauegemea, akasema, "Ungekuwa na mkono, ungemshika hata mmoja wao nguo alipokuwa akipita."

Mti ukasikia. Ulipukutisha matunda yake yote makubwa, na matawi yaliyochipua upya yalikuja na miiba, miwili miwili kila mahali, mmoja umenyooka na mwingine umepinda kama kidole kinachoita. Matunda yakawa madogo, kokwa tupu na nyama kidogo, ili anayechuma asichume moja akaenda zake, bali asimame hapo kitambo, aumie kidogo, na apate nafasi ya kumfikiria mgonjwa mwingine. Tangu msimu huo Mwatatu alimpelekea Nyamvula kunazi za kwanza, mikono imejaa mikwaruzo. Nyamvula alizipokea, akashukuru. Hakuwa tena na wa kumlisha.

Na tangu siku hiyo mkunazi hushika nguo za watu. Ukikushika, usivute. Simama, umtaje kwa jina mgonjwa unayemjua, kisha umwendee, hata kama una hakika wengine wameshakwenda. Na tangu siku hiyo pia, maiti wetu tunawaosha kwa majani ya mti huohuo, maana wapo ambao tunda halikuwafikia.