Sikudhani Hachagui Chakula

Wapendwa, alikuwepo fundi cherehani mmoja, amefiwa na mke, anaishi na simbilisi. Huku kwetu nyanda za baridi hilo halimshangazi mtu. Simbilisi wanashinda jikoni wanakimbizana sakafuni, unawatupia nyasi, na sikukuu ikifika mnajua wanapoishia. Ila huyu alikuwa mmoja tu, jike, na habari ya kisu ilishafutwa. Alipewa hadi jina, Sikudhani. Fundi akigusa kitasa cha mlango, Sikudhani anapiga mluzi kutoka karibu na meko. Nyie, nani anawapokea hivyo nyumbani? Basi tusimcheke.

Kwa kumpenda, fundi akaona nyasi ni chakula cha shida. Akaanza kumpikia: uji wa pumba, ugali uliolainishwa, ndizi ya kupondwa. Very special.

Siku moja Sikudhani akagoma. Na mgomo wenyewe wa ajabu: chakula kikiwekwa anakuja mbio, anakitia mdomoni, kinadondoka, anabaki anakitazama. Kidevu kimelowa mate. Fundi akaleta kabichi, akaleta karoti, hali ni ileile. Mtu ukipika ukakataliwa moyo unauma, ndivyo fundi akaanza kumnunia mnyama mdogo kuliko kiatu chake.

Jirani yake, wale watu wenye jibu kabla ya swali, akamwambia kamdekeza mwenyewe. "Huyo anachagua, fundi. Mnyime kabisa. Njaa ikimkolea atakula hata vitambaa vyako."

Fundi akamnyima. Kesho yake anagusa kitasa, kimya. Sikudhani kajikunja, manyoya yamesimama, mbavu unazihesabu kwa kidole. Fundi akamtia kwenye kofia yake ya sufu, akamkimbiza kwa daktari wa mifugo, dada mmoja kijana, njiani fundi anaomba asimfie mikononi.

Daktari akamfungua mdomo, akamulika tochi, akauliza anakula nini. Fundi akataja menyu yote, kwa fahari kidogo, akaongeza kwamba nyasi alizisimamisha kwa huruma.

"Baba, meno ya hawa yanaota maisha yao yote," daktari akasema. "Nyasi ngumu ndizo zinazoyasaga. Haya ya nyuma yameota mpaka yameubana ulimi. Huyu hachagui. Ana njaa, ila hawezi kumeza."

"Na mimi nikamnyima," fundi akasema.

Daktari akaandaa dawa ya usingizi. Akayapunguza meno, kisha akamwonyesha fundi namna ya kumlisha majani yaliyosagwa kwa bomba la sindano, kidogo kidogo, mpaka mdomo upone. Nguo za watu zikachelewa. Fundi alikuwa amekaa na Sikudhani mapajani, anambembeleza tone kwa tone, hadi asubuhi moja mnyama akachukua jani la nyasi mwenyewe na kulitafuna lote, taratibu, huku fundi akimtazama na sindano ya kushonea mdomoni, amesahau kushona.

Mnatabasamu. Vizuri. Sasa tuje kwetu.

Tunao vijana majumbani, digrii ipo, kazi hakuna. Tunasemaje? Anachagua kazi huyo, njaa itamfundisha. Tena tunayasema hayo tukiwa tumeshiba. Nani aliwalisha notsi za kukariri tangu chekechea, laini, zimeshatafunwa? Nani aliwaambia jembe si lako, cherehani si yako, wewe soma tu, ni wa ofisini? Ni sisi. Na tulifanya kwa upendo, serious, sitanii. Leo kijana anakimbilia kila tangazo na CV yake mkononi, anarudi mikono mitupu, nasi tunamwita mwenye maringo. Tulimlainishia kila kitu, sasa tunamwadhibu kwa kushindwa kutafuna.

Tukitoka hapa mtamkuta kijana mmoja wa hivyo nje, kasimama peke yake ubavuni mwa jengo ili asiulizwe maswali. Usimpelekee ushauri, anao wa kumtosha na wa kugawa. Muulize kinachomuuma, halafu unyamaze mpaka amalize.

Amina mtaisema mkishatoka kwake. Sasa hivi sitaki kuisikia.