Kadi ya Yusta kwenye Ukuta wa Duka

Nianze na kosa langu, maana nikilificha, haya mengine yote yatakuwa maneno matupu. Nilipokuwa bado mpya katika uzee wa kanisa, katika ibada ya katikati ya wiki, mama mmoja alisimama wakati wa kutaja mahitaji ya maombi, akasema ana mambo saba. La kwanza lilikuwa mguu wake. Alipofungua kinywa kwa la pili nikamkatisha. Nikasema, "Mama, Mungu anajua, na muda umekwenda. Linatosha hilo moja." Watu wakacheka kidogo, nami nikajiona nimesema vizuri. Yule mama akakaa, akavuta kitenge chake mpaka magotini, na kwa miaka yote iliyofuata sikumwona akisimama tena. Mimi niliishia darasa la saba, sina maneno makubwa ya kueleza nilichofanya siku ile. Nina habari hii tu, nayo nitaisema kama ilivyo.

Mtu mmoja alikuwa na mke mjamzito na penseli sikioni. Aliitwa Obadia Mligo, na aliishi katika mji wa baridi kule Njombe, mahali ambapo misitu ya paini inaanzia nyuma ya nyumba za watu. Kazi yake ilikuwa kupima mbao kwenye mashine ya kupasulia magogo. Penseli yake ilikuwa ile nene, bapa, nyekundu, ya mafundi. Obadia alipopiga mstari, msumeno ulifuata, na kilichokatwa hakikurudi kuwa kizima. Kwa miaka kumi na moja hakuwahi kuona mstari wake ukikataliwa, hivyo akazoea kuamini kwamba kila anapopiga mstari, jambo limekwisha.

Mkewe aliitwa Yusta. Mtoto wao wa kwanza alikufa kwa kifua mwezi wa saba, akiwa na siku tisa, wakati ambapo baridi ya huko inagandisha umande kwenye majani mpaka yanavunjika ukiyakanyaga. Huyu wa pili naye alitarajiwa mwezi huo huo wa saba. Kwa hiyo Yusta hakuulizwa na mtu kwa nini aliogopa.

Katika mji ule kulikuwa na duka la vitu vya watoto, la mama mmoja aliyeitwa Mama Tweve, naye alikuwa na utaratibu wake. Mama mjamzito alikuja, akakaa kwenye benchi, akapewa kadi ya manila, akaandika kwa mkono wake kila kitu ambacho mtoto angehitaji. Kadi ilibanwa ukutani kwa kibanio cha nguo. Ndugu, majirani na watu wa kanisani wakipita, walichagua kitu kimoja, wakalipa, wakaweka alama na jina pembeni. Kitu chenyewe kilibaki dukani, kwa sababu huko watu wanaogopa kuingiza nguo za mtoto ndani kabla mtoto hajazaliwa. Na siku mtoto alipozaliwa, kile ambacho hakuna aliyekinunua, wazazi walikipata kwa nusu bei.

Masharti yalikuwa mawili. La kwanza, aliyeandika hakurudi kuchungulia kadi yake mpaka azae. La pili, nusu bei ilikuwa kwa kilichoandikwa tu. Ambacho hukuandika ulilipa bei kamili, hata ungelia. Watu walipomwuliza sababu, Mama Tweve aliwajibu, "Mkiniambia mapema mnachotaka, naenda kukichukua kwa jumla, kinakuwa rahisi kwangu na kwenu. Mkinyamaza nabaki kukisia, na kukisia ni ghali."

Yusta aliandika vitu kumi na vinne. Cha kwanza kilikuwa blanketi zito. Kisha zikaja shali, kofia ya sufu, soksi, nepi za kitambaa, beseni la kuogea, na vingine, mpaka cha mwisho, sabuni. Akarudi nyumbani mwepesi. Akamwambia mumewe, "Baba, mimi nimemaliza. Kilichobaki ni kusubiri."

Obadia naye hakuwa na neno, mpaka Jumatatu yake kazini. Chaula, mwenye kusukuma magogo kwenye msumeno, alimpokea kwa sauti iliyoushinda mngurumo wa mashine.

"Oya, Mligo! Mbona umebandikwa ukutani kama tangazo la mbuzi aliyepotea?"

"Mwache mwenzio," akasema Kilasi. "Analea kwa mchango."

"Mchango sawa, lakini beseni, kaka? Mtu anashinda katikati ya mbao, hata kihori cha kumwogeshea mtoto kimemshinda kuchonga?"

Wakacheka wote, na Obadia akacheka nao. Lakini kicheko kile alikwenda nacho nyumbani, akala nacho, akalala nacho. Kila alipofumba macho aliona watu wamesimama mbele ya ukuta wakisoma jina la mkewe na kuhesabu alivyoshindwa yeye.

Jumamosi mchana akaingia dukani. Watu walikuwa wengi, na Mama Tweve alikuwa juu ya stuli, amewapa mgongo, akitafuta kofia. Obadia akatoa penseli sikioni. Akaanza na blanketi. Akapiga mstari ulionyooka, mnene, kama wa ubao wa inchi mbili. Akashuka kwenye shali, kofia, soksi, beseni. Alipiga mistari kumi na mitatu. Sabuni akaiacha, kwa sababu sabuni hata mgeni anaweza kukuletea bila kukudharau. Akatoka akijiambia, "Nitanunua yote mwenyewe." Na alimaanisha, kama nami nilivyomaanisha kuokoa muda wa ibada.

Mvua za mwezi wa nne zikakata barabara ya msituni. Magogo hayakushuka, na mashine ikanyamaza kwa wiki sita. Iliporudi kunguruma, alichokipata Obadia kilikuwa cha kula tu. Akaanza kupakia viazi kwenye malori baada ya kazi, akibeba magunia mpaka shingo ikavimba. Aliingia maduka mengine kuuliza bei ya blanketi la mtoto, akalishika, akalirudisha. Na kila jioni alimkuta Yusta amekaa na miguu yake iliyovimba juu ya kigoda, ametulia kabisa. "Kilichobaki tutakipata kwa nusu bei," alikuwa akisema. "Mama Tweve hana maneno mawili." Obadia aliinama akaangalia moto. Alijua nusu bei ni ya kilichoandikwa, na kilichoandikwa alikuwa amekikata kwa mkono wake. Mara mbili alifungua kinywa kumwambia, na mara mbili akauliza kama kuna chumvi.

Mwezi wa saba, siku ya kumi na nane, Yusta akajifungua mtoto wa kike kwenye zahanati. Asubuhi muuguzi alimkuta Obadia mlangoni akamwambia, "Baba, leo wanatoka. Lakini simtoi mtoto kwenye baridi hii akiwa na kitenge kitupu. Lete nguo." Ndani, Yusta alikuwa amemkumbatia mtoto chini ya gauni lake, kifua kwa kifua, naye akamtabasamia. "Nenda kwa Mama Tweve, baba. Vitu vyetu viko tayari."

Njia ile si ndefu, lakini Obadia aliiona ndefu. Majani yalikuwa meupe kwa barafu, yakivunjika chini ya viatu vyake. Mfukoni alikuwa na pesa za viazi, na alijua kwa bei kamili hazifiki hata kwenye blanketi. Akafikiri kusema kwamba kadi ilichezewa na watoto wa watu. Akafikiri kusema hajui chochote. Ndipo akamkumbuka yule wa siku tisa, alivyokuwa mwepesi mikononi siku ile, na maneno ya uongo yakamwisha.

"Shikamoo, mama."

"Marahaba, baba. Haya, nipe habari."

"Amezaliwa. Wa kike. Wote wazima."

Mama Tweve akapiga kigelegele pale pale nyuma ya kaunta, peke yake. "Sasa mbona umesimama kama umeleta msiba? Kaa."

Obadia hakukaa. Alitoa penseli sikioni akaiweka juu ya kaunta. "Mama, ile mistari kwenye kadi ya mke wangu niliipiga mimi. Niliona aibu. Nina hela hizi tu. Najua hakuna tena nusu bei. Naomba unipe kofia, mengine nitajua mwenyewe."

Mama Tweve aliitazama ile penseli, kisha akamtazama yeye. "Najua ni wewe. Mji huu mzima, kitu kinene namna hii anakibeba sikioni nani mwingine?" Akakwea kwenye stuli, akaibandua kadi, akailaza mbele yake. Kisha akasema neno ambalo Obadia hakulisahau maisha yake yote:

"Hapa dukani aliyeandika ndiye anayefuta, na wewe hukuandika kitu."

Akaanza kusoma kutoka juu, kwa sauti, kama mtu anayeita majina ya waliofaulu. "Blanketi zito." Akaliweka juu ya kaunta. Obadia akaangalia kadi. Mstari wake ulikuwa pale, mnene na umenyooka, na pembeni yake palikuwa na alama ya kalamu na jina la kwaya ya akina mama. "Shali." Alama, na jina la jirani yao muuza maziwa. "Kofia ya sufu. Soksi." Alama, alama. Mahali pengi alipokata yeye, mtu mwingine alikuwa amekuja baada yake na kulipa.

"Walipouliza hii mistari ni ya nini, uliwaambia nini?" akauliza Obadia.

"Niliwaambia wasome chini yake."

"Beseni," akaendelea Mama Tweve, akalivuta kutoka juu ya kabati. Obadia akasoma jina pembeni, akarudia kulisoma. Liliandikwa: Vijana wa mashine ya mbao.

"Huyo Chaula alikuja kuchagua mwenyewe," akasema Mama Tweve. "Amenisumbua huyo! La bluu hataki, la pinki hataki. Akasema la njano ndilo litakaloonekana kwa mbali."

Vitu tisa vilikuwa vimenunuliwa. Vitano vilibaki, na kwa nusu bei pesa za viazi zilivitosha vyote, ikabaki ya kununua nyama ya mchuzi wa mzazi. Na sabuni, kile kitu kimoja ambacho Obadia alikiacha bila mstari kwa sababu hakikumtia aibu, hakuna hata mtu mmoja aliyekuwa amekinunua. Hicho alikilipia yeye.

Akapanga kila kitu ndani ya beseni, akalitwika kichwani, na hakupita njia ya nyuma. Alipita mbele ya mashine ya mbao. Chaula alipoiona ile rangi ya njano inakuja kutoka kona ya barabara, alizima msumeno.

"Mligo! Ni wa kike au wa kiume?"

"Wa kike!"

"Mwambie shangazi yake ni mimi mwenye ndevu, ndiye niliyechagua beseni!"

Vijana wa mashine wakashika nyundo na vipande vya mbao wakaanza kupiga magogo, mdundo ukapanda mlima wote. Wauza mboga wakasimama, wakauliza, wakaambiwa, wakapiga vigelegele. Muuza maziwa akaiacha baiskeli yake akafuata, na wawili wa kwaya wakaanza wimbo. Ndivyo walivyofika zahanati, wengi, wenye kelele, na muuguzi akatoka kuwanyamazisha, akaliona beseni, akawaacha.

Obadia akapiga magoti kando ya kitanda cha Yusta akampa kadi. Alisema, "Nilikata yote isipokuwa sabuni. Nisamehe." Yusta aliishika kadi. Akapitisha kidole juu ya ule mstari wa kwanza, juu ya blanketi, na machozi yakamtoka, maana alielewa mstari ule ulitaka kumgharimu nini. Kisha akasoma majina pembeni, moja baada ya jingine, mpaka chini.

"Mistari imenyooka sana, baba," akasema. "Hongera. Sasa nipe blanketi la mwanangu."

Wakamfunika. Wakatoka naye nje kwenye baridi ile ile iliyomchukua ndugu yake, akiwa amefunikwa mpaka kidevuni, na baridi haikumpata. Yule mtoto sasa ni msichana mrefu anayeimba sauti ya pili, na kwao beseni la njano bado linatumika kufulia.

Ndugu zangu, mimi nami nilikuwa na penseli. Yule mama wa mambo saba yuko hapa leo. Nimemwona akiingia, amekaa benchi la nyuma karibu na dirisha, na sitataja jina lake. Mama, nilipiga mstari mahali ambapo sikuandika kitu. Yalibaki sita. Nakuomba usimame, uyataje yote, na sisi wengine tutakaa kimya mpaka umalize.