Kiboko na Mpunga Usioinama

Haya, mlioko mbele, mpo?
Tupo!
Na mlioko nyuma, mmelala?
Hatulali!
Basi fungueni masikio, nami nifungue kinywa.

Palikuwa na bonde, na bondeni palikuwa na Kiboko. Mwili mpana kama ghala, mdomo kama mlango wa ghala. Wanyama walilima, yeye akala. Walipanda, yeye akala. Walipalilia, yeye akala. "Tope ni langu," alisema, "na kinachoota topeni ni changu." Mwaka mmoja alikula hata mbegu, watoto wa Ndezi wakafa kwa njaa. Kiboko aliposikia vilio vya msiba, aligeukia ubavu wa pili akaendelea kulala. Kelele zilimkera.

Msimu uliofuata akaja Bi Sange, kale kanyama kenye pua ndefu kama mrija, ambako Kiboko angeweza kukakanyaga asijue. Kwapani alibana vifuko vya mbegu.

"Shikamoo, Bwana Mkubwa."

"Marahaba. Umeniletea nini?"

"Mbegu chotara. Mama yake mpunga mwitu wa dimbwini, baba yake mpunga wa mlimani. Nimewaoza mimi mwenyewe. Ukiota utakufika begani."

Kiboko akameza mate, gulu! "Wote wangu."

"Wote wako, Bwana Mkubwa. Sisi tutakula huu mfupi wa mlimani. Ila tuupande pamoja: mstari mrefu, mstari mfupi, mrefu, mfupi. Chotara huyu hawezi kukaa peke yake."

Wakapanda hivyo. Loo, chotara akaota! Majani mapana, kijani cha kuumiza macho. Na ule mfupi? Ulionekana kama majani ya kufagilia jikoni. Kiboko akatembea majarubani, chubwi, chubwi, akanuna.

"Hivi vifupi vinafanya nini hapa? Vinakunywa maji yangu. Ng'oeni!"

Bi Sange akaruka mbele yake. "Usivitoe, Bwana Mkubwa! Chotara anamhitaji jirani."

"Ng'oeni!"

"Nakuomba, Bwana Mkubwa, utajuta."

"Unataka kunidanganya ubaki ukiiba maji yangu, siyo? Ng'oeni, mkavipande ng'ambo ya kilima, nisivione!"

Bi Sange akalia kwa sauti, uuuwi, pua yote ikalowa. Wanyama wakang'oa miche, wakaihamisha ng'ambo ya kilima. Walipofika huko, Ndezi aliona ajabu: Bi Sange alikuwa amekwisha kufuta machozi, anapiga mluzi.

Masuke yakachomoza. Makubwa, marefu, mengi. Kiboko akalala juu ya tuta kulinda mali yake, asile, asiondoke, asije mtu akamwibia. Kila kulipokucha aliuliza, "Sange! Yameinama?"

"Bado, Bwana Mkubwa, bado. Suke likijaa huinama. Likiinama, kula."

Kukakucha tena. "Sange! Yameinama?"

"Bado, Bwana Mkubwa, bado."

Ng'ambo ya kilima kukasikika kacha, kacha, kacha.

"Kelele gani hiyo?"

"Ndezi huyo, anatafuna mabua."

Kiboko akacheka. Watafune mabua! Yeye akatazama masuke yake yaliyosimama wima kama askari wa gwaride, tumbo likamnguruma, akavumilia. Hakuwahi kuvumilia kitu maishani mwake, lakini kwa chakula kikubwa namna ile alivumilia.

Majani yakageuka manjano. Masuke bado wima. Kiboko akashindwa. Akafungua mdomo wote, akafyeka nusu ya jaruba, akatafuna.

Fyuu!

Vumbi. Makapi. Kitu kikavu kilichomkwaruza koo. Akatema. Akadhani amekosea mahali. Akakimbilia jaruba la pili, chubwi chubwi chubwi, akauma. Fyuu! La tatu. Fyuu! Mapepe. Mapepe matupu, bonde zima, kutoka mtoni hadi kilimani, na hakuna punje moja ya kuweka jinoni.

Akaketi topeni. Hapakuwa na ukame. Hapakuwa na nzige, wala mafuriko. Mpunga wenyewe ulikuwa umesimama mbele yake, mzuri ajabu, na ndani hamna kitu.

"Sange," akaita, sauti imeshuka. "Nani ameniulia mpunga?"

Bi Sange alikuwa juu ya jiwe refu. "Hakuna aliyeuua, Bwana Mkubwa. Kila ua la mpunga lina vijumba, na humo hulelewa chavua, ile poda ya kiume. Kuta za kijumba ndizo yaya wake. Humlisha mpaka anenepe, ndipo wanapokufa."

"Sasa?"

"Kila chembe hai ya mpunga ina vijimeko vyake vya moto, na vijimeko hivyo hurithiwa kwa mama. Vya mpunga mwitu vina moshi wa sumu. Kwao dimbwini, akina baba wana dawa ya kuzima moshi huo, huirithisha watoto. Baba wa mlimani hana. Moshi ukawaua yaya mapema, chavua bado kichanga. Akanyauka mle ndani. Amekufa njaa."

"Njaa?" Kiboko akatumbua macho. "Kwenye shamba langu? Katikati ya maji yote haya?"

"Katikati ya maji yote hayo."

"Na ule mfupi?"

"Vijimeko vyake havina moshi, chavua wake ni mzima. Tumbo la uzazi la chotara nalo lilikuwa zima, linangoja tu. Upepo ungemletea poda ya jirani, masuke yangejaa yakainama. Nilikuomba usimng'oe. Nilikuomba nikilia."

Kiboko akanguruma hadi maji yakarukaruka. "Basi nitakula wenu!"

"Tumeshavuna. Uko pangoni, mlango wake haupitishi hata pua yako."

"Nitapanda tena!"

"Utapanda nini, Bwana Mkubwa? Pepe halioti."

Mdomo wa Kiboko ukabaki wazi. Nzi wakaingia, nzi wakatoka. Jua likazama ungali wazi. Kisha akainamisha kichwa, akang'oa nyasi za ukingoni, akazitafuna polepole, machozi yakimdondoka. Hadi leo ndizo anazokula, na hadi leo ukimwona ameachama mtoni, bado hajaamini.

Fundisho, wanangu: mkubwa akitaka chote, msibishane naye, mpeni chote. Na mdogo akisema kweli, ombeni asisikilizwe kabisa.

Mmesikia?
Tumesikia!
Mmeelewa?
Hatujaelewa!
Vizuri sana. Nendeni mkale.