Bi Kobe Alivyovushwa Barabara

Hadithi hii aliisimulia kwanza Bi Mize binti Shehe, dada mkubwa wa babu yangu, mwezi wa Ramadhani mwaka 1971, uani kwake Ngamiani, Tanga. Sisi wajukuu tulikuwa tumeketi mkekani. Naiandika kwa mpango alioufuata yeye.

Sikilizeni basi. Hapo kale, wanyama walipokuwa na mji wao, mji huo ulikatwa na barabara moja kubwa. Upande huu nyumba, upande ule soko. Kifaru aliendesha lori la mchanga, ngurrr, ngurrr. Nyati aliendesha teksi, na mkono wake haukutoka kwenye honi. Wenye baiskeli walijibana pembeni, karibu na mtaro. Waendao kwa miguu walingoja.

Aliyengoja kuliko wote ni Bi Kobe, muuza vitumbua. Alikuwa akilea wajukuu waliofiwa na mama yao, na riziki yao yote ilikuwa ndani ya beseni lake la vitumbua. Kila asubuhi alisimama ukingoni, beseni kichwani. Akiinua mguu, piii! Anaurudisha. Hata akija kuvuka, vitumbua vimepoa na watu wameshakunywa chai.

Jirani yake alikuwa Nguchiro, mdogo wa mwili, mwepesi wa akili, aliyesambaza mikate kwa baiskeli. Asubuhi moja alirudi ametapakaa matope, maana Nyati alikuwa amemsukumia mtaroni. Akamkuta Bi Kobe amekaa kizingitini na beseni limejaa.

"Bibi, umerudi navyo vyote?"

"Vyote, mwanangu. Na kesho sina hata mchele wa kuroweka."

Nguchiro akafikiri. Katika mji ule, kama kwetu, jeneza likipita kila mtu husimama. Mwenye gari huzima injini, mwenye baiskeli hushuka, na mwenye nguvu hutia bega kwa hatua chache, hata kama marehemu hamjui.

"Bibi," akasema, "kesho nitakuvusha. Utalala tu."

"Nilale wapi?"

"Kwenye ngazi yangu. Tutakufunika shuka, wewe na beseni lako."

Bi Kobe akatikisa kichwa. "Si heri tuwaombe tu wasimame?"

"Wakubwa hawaombwi, bibi. Wanazungukwa."

Asubuhi yake Nguchiro, Paa, Kindi na Pelele waliinua ngazi mabegani. Nyuma wakafuata wenye baiskeli wakizikokota, na wote waliokuwa wakingoja kuvuka, wameinamisha vichwa. Lori likanyamaza. Teksi ikanyamaza. Barabara nzima ikawa kimya.

Kifaru akashuka mbio, akatia bega.

"Marehemu nani?"

"Bibi mmoja wa kule nyuma ya kisima. Humjui, mzee."

"Mbona anatoa mvuke?"

"Amefariki sasa hivi tu. Joto halijamtoka."

"Na hii harufu ya iliki?"

"Alipenda sana kupika," akasema Paa, akauma mdomo asicheke.

Kifaru alikuwa na moyo laini ndani ya ngozi ile. Akatokwa na machozi. "Mungu amrehemu," akasema, akarudi kwenye lori lake.

Siku ile vitumbua viliuzwa vya moto. Wajukuu walikula wali kwa samaki. Nguchiro akasifiwa mtaa mzima, na kuanzia hapo jeneza lile likapita kila asubuhi.

Mpaka siku moja Nyati, akiwa amesimamisha teksi yake kwa adabu, alitazama upande wa pili. Akaona jeneza linatuliwa chini, shuka linafunuliwa, na maiti anakaa, anajifunga kanga vizuri, anaita, "Vitumbua! Vya moto!"

Nyati akamwendea Kifaru. "Yule uliyemlilia, amenipa viwili vya kuonja."

Kifaru hakucheka. Alikuwa amewalilia marehemu wengi mno kwa mwezi ule. "Basi," akasema, "kuanzia leo jeneza ni mzigo kama mzigo mwingine. Mimi sisimami tena."

Wenye magari wote wakakubaliana naye.

Mvua zilipoanza, Bi Kobe, aliyerudi kungoja ukingoni, alishikwa na homa. Hakupona. Akafia kitandani kwake, wajukuu wakiwa pembeni.

Wakamweka kwenye jeneza la kweli, wakalifunika shuka jeupe, wakaenda, maana makaburi yako ng'ambo ya barabara. Nguchiro alikuwa mbele. Akakanyaga lami.

Piii! Piii!

"Leo vya nazi au vya maji?" Nyati akauliza dirishani.

"Bi Kobe amefariki, ndugu yangu. Tupishe."

"Kila siku hufariki. Mwambie aamke avuke kwa miguu."

"Naapa mbele yenu, ni kweli."

"Hata zile asubuhi uliapa," akasema Kifaru, na lori likasogea, ngurrr, mpaka wabebaji wakarudi nyuma na jeneza likayumba. Wajukuu wakaanza kulia. Kindi alikuwa akitetemeka chini ya mzigo.

Nguchiro akatazama huku na huku. Hila hakuwa nayo tena. Akaomba jeneza lishushwe palepale katikati ya barabara, akashika ncha ya shuka, akafunua uso wa Bi Kobe mbele ya wapita njia wote.

Injini zikazimika moja baada ya nyingine.

Kifaru akashuka. Akasimama mbali kidogo. "Nilikuwa nikimwona pale ukingoni kila asubuhi," akasema. "Nilidhani anapumzika. Mbona hamkuniambia?"

Nguchiro akainamia jeneza. Alikuwa akilirudisha shuka, na upande mmoja ukawa unateleza. Kifaru akamsaidia, kisha akatia bega.

Basi wajukuu zangu, kinachoheshimiwa na wote kisigeuzwe hila, na aliye hai apewe njia kabla hajabebwa.

Bi Mize alituambia pia yaliyowapata waliosalia. Kifaru alikufa. Nyati alikufa. Paa, Kindi na Pelele walihama mji, hawajulikani. Wajukuu wa Bi Kobe wako hai, mmoja anauza vitumbua. Nguchiro yu hai, lakini tangu siku ile haongei.

Bi Mize mwenyewe alifariki mwaka 1983. Kati ya tuliomsikiliza siku ile, tumebaki mimi na dada yangu Zaina.