Tati ya Saa Nne

Nawatumia habari hii hasira ikiwa bado haijanitoka, na nusu ya hasira hiyo najielekezea mwenyewe. Mkimaliza kuisoma, mpelekeeni kila mjumbe wa kamati mnayemfahamu.

Huku kwetu milimani Lushoto, mama mmoja kutoka Moshi alijenga nyumba ya wageni. Jina lake Mama Ndeshukuru. Ujenzi wote aliusimamia kupitia fundi wake, kwa hiyo sura yake hatukuijua. Alipohitaji mpishi wa kuoka, alimtuma dereva alete barua ofisi ya kata. Ilisema anayetaka kazi aje ukumbi wa kata Jumamosi, aoke tati moja ya matunda na jibini, na iwe mezani saa nne asubuhi, ya moto. Oveni ndogo za gesi angeleta yeye. Unga pia angetoa yeye, umeshakandwa na kukunjwa na siagi tabaka kwa tabaka, ili kila mtu aanze sawa na mwenzake.

Kwa asiyeijua, tati hiyo ni kitu chepesi kabisa. Unautandaza ule unga wa matabaka, unautobolatoboa katikati kwa uma na kuacha ukingo, unapaka jibini laini, unapanga vipande vya matunda, unamwagia asali kidogo, unatia kwenye oveni. Ukingo unaumuka wenyewe, tabaka juu ya tabaka. Ugumu wake ni mmoja tu: haisubiri mtu. Ikitoka motoni iliwe. Ikikaa, matunda yanatoa maji, maji yanashuka kwenye unga, na matabaka yote yanalala kama gazeti lililonyeshewa.

Walijitokeza wanawake sita. Mmoja wao alikuwa Bi Zaina, muuza chapati wa pale stendi. Miaka kumi na mmoja amepika juu ya kuni, na moshi umemla macho. Daktari alimwambia waziwazi kwamba akiendelea hivyo, miaka miwili haitaisha kabla hajaanza kushikwa mkono kwenda sokoni. Nyumba ya wageni inapikia gesi. Bi Zaina hakuwa na njia nyingine ya kuachana na kuni, na sote tulilijua hilo.

Sasa ikaja kamati. Ndugu zangu, kwetu huwezi kuoka hata andazi hadharani bila kamati kuundwa! Mwenyekiti akawa Bwana Singano, mtu wa suti na kalamu mbili mfukoni. Jambo la kwanza walilolijadili halikuwa tati, wala matunda, wala oveni. Lilikuwa mgeni rasmi. Shughuli gani hiyo isiyo na mgeni rasmi? Wakatafuta kigogo mmoja wa mjini, akakubali. Mama Ndeshukuru hakuwa ameomba mgeni rasmi yeyote. Hakuulizwa.

Jumamosi ikafika. Ukumbi ulijaa mapema, maana harufu ya siagi ilitoka nje mpaka barabarani. Mimi nilikaa benchi la nne. Saa nne kasoro dakika ishirini akaja mama mmoja wa makamo, kavaa sweta la kijivu, akatusalimia, akaketi pembeni yangu. Hakuna aliyemuuliza jina. Utambulisho, kama mnavyojua, haufanyiki mpaka mgeni rasmi akae.

Waokaji walikuwa kazini. Wawili waliukanda ule unga upya kama wa chapati, wakidhani wanaulainisha, na tati zao zikatoka bapa. Wengine wanne walifanya vizuri. Saa nne kasoro dakika tano tati zote sita zilikuwa mezani. Ya Bi Zaina ilikuwa ya mapeasi, ukingo wake umeinuka na kukauka vizuri, na jibini linachemka bado katikati.

Mgeni rasmi hayupo.

"Bwana mwenyekiti, ziko tayari," alisema Bi Zaina.

"Mgeni rasmi hajafika, mama. Zifunikeni."

"Zikifunikwa zitalowa."

"Basi zilowe. Tutafanyaje? Huwezi kumkatia mtu mkubwa kitu kilichoguswa."

Wenzake watano wakafunika. Siwalaumu. Mtu anayetafuta kazi akiambiwa funika, atafunika. Bi Zaina alisimama na kifuniko chake mkononi, akiitazama saa ya ukutani. Ilipogonga saa nne, alikiweka chini, akachukua kisu.

Ule mlio wa kisu kwenye ukingo tuliusikia hadi benchi la nne.

"Bi Zaina! Unafanya nini?"

"Nakata."

"Unajiondoa kwenye shindano, ujue!"

"Barua ilisema saa nne, ya moto," alijibu. "Hii ndiyo saa nne, Bwana Singano. Na hawa ndio waliokuja."

Akashuka na sahani kwenye mabenchi. Bwana Singano akatoa kalamu nyekundu, akalikata jina lake mbele ya watu wote, mstari mara mbili. Kumbe ile kalamu ya pili ilikuwa ya kazi hiyo.

Bi Zaina alipofika kwangu akaninyooshea kipande. Nilikuwa sijanywa hata chai. Mate yalinijaa mdomoni. Nikatazama jukwaani, nikamwona Bwana Singano ananitazama, nikasema, "Ahsante mama, nimeshiba."

Mama wa sweta akachukua kipande chake. Akakila taratibu, makombo yakimwangukia kifuani.

"Mapeasi umeyapaka nini?" akamuuliza.

"Asali na ndimu kidogo tu, dada yangu."

"Na ukingo wako mbona umeumuka hivi?"

"Sikuukanda. Mimi muuza chapati, unga uliokwisha kukunjwa naujua. Ukiuchezea, matabaka yanakufa."

Yule mama akaitikia kwa kichwa, akaomba kipande cha pili.

Tukasubiri. Saa tano. Saa sita. Fundi wa spika akasema "moja, mbili, moja, mbili" mpaka watoto wakaanza kumsaidia. Wazee wakasinzia. Saa saba mvuke uliokuwa chini ya vifuniko ulishageuka maji. Bi Zaina hakuondoka. Alikaa mlangoni, sahani tupu mapajani, akijifuta macho kwa ncha ya khanga. Hakuna aliyemwendea, nami nikiwemo. Hilo ndilo linalonikera mpaka leo.

Saa nane kasoro robo magari matatu yakaingia. Mgeni rasmi akashuka, akasema "majukumu, majukumu," tukapiga makofi. Makofi ya nini, jamani? Mtu amechelewa kwa muda wa karibu saa nne nzima, na sisi tunampongeza kwa kufika!

Vifuniko vikafunuliwa. Hata kuziangalia ilikuwa aibu. Tati tatu zilizotoka motoni zikiwa nzuri kabisa zilikuwa zimekufa pale mezani kwa amri yetu, na wenyewe wamesimama nyuma yake kama watu wenye hatia. Mgeni rasmi akaonja kidogo hapa, kidogo pale, akafuta vidole. Akasema zote ni nzuri ila hazikuiva sawasawa. Mwishowe akamtaja mshindi: aliyekuwa na tati iliyo karibu na kiti chake. Tukapiga makofi tena.

Ndipo ukaja utambulisho. Bwana Singano akashika kipaza sauti. "Sasa namkaribisha mwenye nyumba ya wageni, Mama Ndeshukuru, aliyefika hapa katika msafara wa mheshimiwa..."

Akatazama upande wa magari. Hakuna aliyejitokeza.

Yule mama wa sweta la kijivu akainuka pembeni yangu. Bado alikuwa na kombo moja kifuani.

"Sikuja na msafara," alisema. "Nipo hapa tangu saa nne kasoro dakika ishirini. Nimekaa benchi la nne."

Bwana Singano kalamu zikamwanguka, zote mbili.

"Niliomba tati ya moto saa nne. Nimekula moja, na aliyeioka amekaa pale mlangoni. Hizi tano sikupewa nafasi ya kuzila zikiwa chakula. Mama zangu, nawaomba radhi, kosa halikuwa lenu. Nikihitaji mikono zaidi nitawatafuta." Kisha akageuka. "Bi Zaina, Jumatatu saa kumi na mbili asubuhi. Utaweza?"

"Kamili?" aliuliza Bi Zaina, amesimama na sahani yake.

"Kamili."

"Lakini mama," Bwana Singano akaingilia, "yule jina lake kamati imeshalikata."

"Kalamu ni yako, Bwana Singano. Jiko ni langu."

Mgeni rasmi akacheka, kama mtu anayejaribu kuokoa shughuli. "Haya, haya. Basi na mimi nionjeshwe hiyo tati inayosifiwa."

Bi Zaina akapita katikati ya ukumbi mzima, akafika mbele yake, akamwonyesha sahani. Kulikuwa na makombo matatu tu.

"Ilikuwepo, mheshimiwa," alimwambia kwa adabu zote. "Saa nne."

Nami nilirudi nyumbani na njaa yangu. Nilikataa chakula cha moto kilichokuwa mbele ya pua yangu kwa kumwogopa mtu ambaye hata hakuwepo, na mwenye shughuli alikuwa amekaa bega kwa bega nami, anatafuna.

Funzo: Ukimheshimu aliyechelewa kwa kuwadharau waliowahi, ipo siku utagundua kwamba mwenyeji wako alikuwa miongoni mwa waliowahi.